Mwalimu Hujulikanaje?

Katika Kiswahili tumewatenga mganga na mchawi kama tunavyowatenga mlinzi na mwizi. Mganga aweza kuwa mwema au mbaya, hodari au mlaghai. Mchawi hana nafasi hiyo. Mtu akishaitwa mchawi hukumu yake imekwisha kupita, na kilichobaki ni adhabu tu. Kwa sababu hiyo si rahisi kwa mtu aliyelelewa katika lugha yetu kuelewa kwamba huko Uingereza wako watu wanaojiita wachawi kwa hiari yao wenyewe, mchana kweupe, na serikali ikawahesabu. Katika sensa ya England na Wales ya mwaka 2021, watu wapatao 13,000 waliandika kuwa dini yao ni Wika, na wengine wapatao 74,000 wakaandika kuwa wao ni Wapagani. Nasema Wika, na msomaji asidhani nazungumzia kuwika kwa jogoo. Ni jina la dini ambayo wafuasi wake wengi huabudu mungu wa kike na mungu wa kiume, huadhimisha sikukuu nane kwa kufuata mzunguko wa mwaka, hukutana mwezi unapokuwa mpevu, na hufundishwa kwamba mtu yu huru kutenda atakalo maadam hamdhuru yeyote.

Mambo hayo yasingenihusu mimi, mzee wa miaka sabini na kitu niliyestaafu ualimu mkuu wa shule ya msingi, kama mjukuu wangu asingeyaleta nyumbani. Binti huyo ni muuguzi katika mji wa Bristol. Alimweleza mama yake, ambaye ni binti yangu wa kwanza, kwamba amevutiwa na dini hiyo na kwamba anatafuta mtu wa kumfundisha. Mama mtu hakulala. Alfajiri alikuwa mlangoni kwangu. "Baba," aliniambia, "mtoto ameharibika. Amekuwa mchawi. Wewe ndiye anayekusikiliza, mkanye kabla watu hawajajua."

Kabla watu hawajajua. Maneno hayo yalinigusa kuliko mengine yote, kwa sababu nilijua binti yangu alikuwa anaogopa nini. Miaka ya themanini nilikuwa mwalimu mkuu katika kijiji kimoja cha mkoa wa Shinyanga. Karibu na shule yetu aliishi bibi mmoja mjane aliyekuwa akiuza karanga kwa wanafunzi wakati wa mapumziko. Macho yake yalikuwa mekundu kwa sababu ya moshi, kwani alipikia samadi ya ng'ombe kama walivyofanya wengi mahali ambapo kuni ni haba. Watu wakaanza kusema macho yale si bure. Mtoto wa jirani akafariki, na usiku mmoja yule bibi akakatwa mapanga ndani ya nyumba yake. Mjukuu wake alikuwa darasa la nne. Asubuhi nilisimama mbele ya wanafunzi waliopanga mistari, nikatafuta maneno ya kuwaambia watoto ambao baadhi yao wazazi wao walikuwa wanajua waliofanya kitendo kile. Hakuna aliyekamatwa.

Sheria ya nchi yetu juu ya uchawi ni ya mwaka 1928, iliyotungwa na Waingereza walipokuwa wakitutawala. Wao wenyewe kwao walikuwa na sheria yao ya mwaka 1735, ambayo iliacha kuwanyonga wachawi na badala yake ikawaadhibu wanaojifanya wana nguvu hizo. Sheria ile ya 1735 ilifutwa mwaka 1951. Ya kwetu bado ipo katika vitabu. Basi msomaji ataona kwamba neno moja limesafiri njia mbili. Kule limekuwa jina la dini. Huku bado ni neno linaloweza kumfanya bibi kizee asione kesho.

Kwa hiyo nilipompigia mjukuu wangu simu sikuanza na kukanya. Nilimwomba anieleze anachokitaka, naye akaniambia atakiandika ili asikosee. Barua yake ilikuwa fupi. Baada ya shikamoo na habari za kazi aliandika hivi: "Babu, sikuombi ruhusa, na sikuombi uamini ninachokiamini. Wewe umekaa na walimu miaka yote. Nataka kujifunza jambo hili kwa mtu anayelijua, na kila ninayemwona anasema yeye ndiye. Mwalimu wa kweli nitamjuaje?"

Mimi ni Mkristo, na nilimwambia wazi kwamba njia anayoitazama si yangu wala sitamwombea aifuate. Lakini swali aliloniuliza halikuwa la dini. Lilikuwa swali la kazi yangu. Mwanafunzi akikuuliza swali la kweli, hata kama hukulipenda, una mawili: umjibu kadiri ya elimu yako, au umwache akaulize kwa mwingine. Nilifikiri juu ya huyo mwingine anayeweza kuwa nani, nikaona heri nimjibu mimi.

Mwalimu haingii darasani bila andalio la somo. Nilisoma kwanza. Nikakuta kwamba dini hii, ijapokuwa wafuasi wake wa mwanzo waliisema kuwa ni ya kale mno, tunaweza kuionyesha ilipotokea. Mtu aliyeitangaza ni Gerald Gardner, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1884, ambaye alifanya kazi ya forodha huko Malaya na kustaafu kama nilivyostaafu mimi. Alisema kwamba mwaka 1939, karibu na msitu wa New Forest kusini mwa England, aliingizwa katika kundi la wachawi waliorithishana mambo yao tangu enzi za kabla ya Ukristo. Sheria ya 1735 ilipofutwa alipata nafasi ya kusema hadharani, na mwaka 1954 akatoa kitabu chake Witchcraft Today. Wazo la kwamba dini hiyo ya kale ilidumu kwa siri alikuwa amelieneza msomi Margaret Murray katika kitabu cha mwaka 1921, na wanahistoria wamekwisha kulikataa. Profesa Ronald Hutton wa Chuo Kikuu cha Bristol, katika kitabu chake cha mwaka 1999 The Triumph of the Moon, alieleza kwa kirefu jinsi Wika ilivyoundwa katika karne ya ishirini kutokana na fasihi, vyama vya siri na mapenzi ya watu wa mijini kwa mambo ya mashambani. Hutton hakuyasema hayo kwa kejeli, na Wawika wengi wameyakubali bila kuiacha dini yao.

Katika kusoma huko nilikutana na jambo lililonifanya nicheke peke yangu. Gardner alikuwa akijiita Daktari, na shahada hizo hakuwa nazo. Sisi Watanzania hatuna haja ya kuelezwa habari za vyeti vya kughushi. Mwaka 2017 uhakiki wa vyeti uliwakuta watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti bandia, na katika majina hayo walikuwamo walimu. Baadhi yao walikuwa wamefundisha miaka mingi na wanafunzi wao wamefaulu. Nani basi alikuwa mwalimu, cheti au mtu? Swali hilo lilinisumbua mwaka ule, na hapa nikalikuta tena.

Jibu nililopata nililipata kwa mwanafunzi wake. Mwaka 1953 Gardner alimwingiza katika kundi lake mwanamke aitwaye Doreen Valiente, aliyezaliwa mwaka 1922. Mama huyu alikuwa msomaji hodari. Mara moja akatambua kwamba maneno mengi ya ibada yaliyodaiwa kuwa ya kale yalikuwa yametolewa katika maandiko ya Aleister Crowley, mtu wa juzi tu. Akamwambia mwalimu wake hivyo, ana kwa ana. Gardner akamjibu kwamba kama anaweza kufanya vizuri zaidi basi afanye, naye akayaandika upya. Sehemu kubwa ya ibada za Wika zinazopendwa leo ni kazi ya mkono wa Valiente.

Lakini mwaka 1957 mambo yakaharibika. Valiente na wenzake walichoshwa na tabia ya Gardner ya kutafuta magazeti, wakatunga kanuni za kumzuia. Gardner akajibu kwa kutoa hati ya sheria alizosema ni za kale, ambazo pamoja na mengine zilimtaka kuhani wa kike akubali kumpisha aliye kijana zaidi umri ukisogea. Valiente akaona kwamba sheria hizi za kale zimezaliwa wakati zilipohitajiwa. Akaondoka. Hata hivyo hakuiacha dini yake. Mwaka 1980, miaka kumi na sita baada ya Gardner kufariki, alianza kumtafuta katika kumbukumbu za serikali mwanamke ambaye Gardner alidai ndiye aliyekuwa mkuu wa kundi lile la New Forest, kwa sababu watu walisema ni mtu wa kubuni tu. Akaonyesha kwa hati za kuzaliwa na za kifo kwamba Dorothy Clutterbuck aliishi kweli. Kama alikuwa mchawi au la, wanahistoria wanabishana mpaka leo.

Nilimwandikia mjukuu wangu: huyo ndiye mwanafunzi ninayetaka uwe, kama lazima uwe mwanafunzi wa mambo haya. Alipoona uongo aliusema. Aliposikia sheria isiyo ya haki alitoka. Na mwalimu aliyemkosea alipokwisha kufa, alimtafutia ushahidi hata ule uliokuwa upande wake.

Hapo nikaja kwenye jibu lenyewe. Katika miaka yangu ya ualimu mkuu nilipokea wanachuo wengi waliotumwa kwetu kwa mazoezi ya kufundisha. Kazi yangu ilikuwa kukaa nyuma ya darasa na kuandika maoni. Si muda mrefu nikagundua kwamba somo linaloonekana na mkuu wa shule halisemi mengi, kwa kuwa kila mtu hufundisha vizuri akitazamwa. Nilichojifunza kukitazama ni darasa wakati mwalimu ameitwa ofisini. Kama wanafunzi waliendelea na kazi, wakabishana juu ya jibu, mmoja akaenda ubaoni kuwaonyesha wenzake, nilijua mwalimu amefundisha. Kama walikaa kimya kwa hofu mpaka arudi, nilijua amewatisha tu. Na nilitazama tena wanafunzi wake wa mwaka uliopita. Ukitaka kumjua mwalimu usimsikilize yeye, watazame waliopita mikononi mwake, na hasa watafute waliomwacha.

Kwa hiyo swali la kwanza nililompa ni hili: omba kuonana na mtu aliyewahi kujifunza kwa mwalimu huyo kisha akaondoka. Mwalimu mwema atakutajia jina, hata kama kwa shingo upande. Anayesema kwamba wote waliomwacha ni wasaliti, au kwamba hakuna aliyewahi kumwacha, amekwisha kujibu.

La pili ni fedha. Katika makundi ya jadi yanayotokana na Gardner, na yale ya Alex Sanders aliyefuata nyuma yake, ni desturi kwamba mafunzo ya kuingizwa hayauzwi. Mwanafunzi huchangia mishumaa, chakula na nauli yake. Wako wanaofundisha madarasa ya wazi kwa ada, na hilo si kosa, maana hata mimi nililipwa mshahara. Lakini kuuza daraja ni jambo jingine. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nilimwonya vilevile asidhani kwamba bei ndogo ni ushahidi wa kweli, wala umati. Mwaka 2011 magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi mia tano. Bei ilikuwa ndogo na watu walikuwa wengi sana. Hayo mawili hayakutosha kutuambia kama dawa ilikuwa inaponya.

La tatu ni nasaba ya elimu. Watu wa pwani yetu wanalijua jambo hili tangu zamani. Mwanachuoni wa Lamu au Zanzibar huweza kukutajia aliyemfundisha, na aliyemfundisha mwalimu wake, mpaka juu, na ijaza aliyopewa huonyesha ni kitabu gani ameruhusiwa kukisomesha. Wawika wa jadi nao wana kitu kama hicho. Kila aliyeingizwa anaweza kutaja nani alimwingiza, mpaka kufika kwa Gardner au Sanders, na makundi mengine yanaweza kuulizwa kama yanamfahamu. Daraja ni tatu, na kwa kawaida mtu husubiri mwaka mmoja na siku moja kabla ya kuingizwa daraja la kwanza. Nilimwambia: uliza, kisha thibitisha kwa mtu mwingine asiye wa kundi hilo. Silsila haimfanyi mtu kuwa mwema, lakini anayedanganya juu ya silsila yake atadanganya na mengine. Na anayesema alirithishwa siri na bibi yake, na bibi huyo hakuna mwingine aliyemjua, mpe kiti, msikilize, usimpe nafsi yako.

La nne ni haraka. Mwalimu anayekutaka uamue leo ana shida yake mwenyewe. Hata makungwi wetu hawamchezi mwali siku wanayomwona. Kuna maandalizi, kuna kuulizana baina ya wazee, kuna somo wake atakayemsimamia. Kundi linalostahili litataka likujue kabla halijakufungulia, nawe utumie muda huohuo kulijua. Wala mtu mzima asione vibaya akikataliwa. Makundi mengi ya jadi hayampokei aliye chini ya miaka 18, na hata mtu mzima huweza kuambiwa bado. Mwalimu anayeweza kusema hapana nimemwamini siku zote kuliko yule anayempokea kila mtu.

La tano ni siri. Nilimwambia atenganishe siri ya mafundisho na siri ya matendo. Unyago una siri zake, jando lina siri zake, na hakuna mama wa kwetu aliyedhurika kwa kutojua nyimbo walizofundishwa wanawe wa kiume. Kwamba kundi linaficha maneno ya ibada si hatari. Hatari ni pale unapoambiwa usimweleze mtu uko wapi, umekwenda na nani, utarudi saa ngapi. Ukikatazwa kumwambia mama yako kwamba upo, hiyo si siri ya dini.

La sita lilikuwa gumu kuliandika, lakini kwa desturi yetu babu na mjukuu wana utani na huambiana ambayo mama na binti hawawezi. Gardner alikuwa mtu wa kupenda kukaa uchi hata kabla ya Wika, na baadhi ya makundi mpaka leo hufanya ibada bila nguo. Mengine huvaa majoho. Katika daraja la tatu kuna ibada ya muungano wa mume na mke, ambayo makundi mengi huifanya kwa ishara tu, kisu na kikombe. Nilimwambia aulize mambo haya mapema, kwa maneno ya wazi, na atazame uso wa anayejibu. Mtu mwema atamweleza bila kuona haya na bila kufurahia. Yeyote atakayesema kwamba mwili wake ndio ada ya elimu, au kwamba kusita kwake ni dalili ya kutokomaa kiroho, aondoke hapohapo, asiage. Mwaka 2012 mahakama ya Truro, huko Cornwall, iliwafunga wazee wawili kwa kuwadhulumu watoto kimwili kwa miaka mingi, na mmoja wao alijiita kuhani wa wachawi. Simtaji kwa kuwa wachawi ni watu wabaya. Mapadri, mashehe, wachungaji na walimu wakuu wamefanya hayohayo katika nchi nyingi. Namtaja kwa sababu joho la aina yoyote linaweza kuficha mtu wa aina yoyote.

Mwisho nilimkumbusha kwamba si lazima awe na mwalimu. Valiente mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1978 Witchcraft for Tomorrow, aliweka ibada ya mtu kujiingiza mwenyewe, akisema kwamba kama mchawi huingizwa na mchawi, basi wa kwanza aliingizwa na nani? Mwaka 1986 Raymond Buckland alitoa kitabu cha masomo kilichopangwa kama vitabu vya shule, na mwaka 1988 Scott Cunningham akawaandikia wale wanaofanya dini hiyo peke yao. Wako wanaosema hao si Wawika kamili. Mimi nimewajua watu waliosoma kwa njia ya posta, usiku, kwa taa ya kibatari, wakafaulu mtihani kama watahiniwa wa kujitegemea na kuwazidi waliokaa bwenini. Ila anayesoma peke yake hukosa kitu kimoja, mtu wa kumwambia kwamba hapa umekosea. Lazima akitafute kitu hicho kwingine, kwa rafiki mkweli au kwa kitabu kinachompinga. Ndiyo sababu nilimwambia asome Hutton kwanza, kabla ya wanaoisifu dini yenyewe.

Aliyafanyia kazi. Mtu wa kwanza aliyekutana naye alimwambia kwamba ana kipawa kikubwa kisichoonekana mara nyingi, akataka paundi mia nne kwa ajili ya daraja la kwanza litakalotolewa baada ya majuma sita, na alipoombwa jina la mwanafunzi aliyeondoka alikasirika. Mjukuu wangu alimaliza chai yake akaenda zake. Wa pili walikuwa mume na mke wa makamo, aliowapata kwa kuhudhuria mikutano ya wazi ya Wapagani inayofanyika kila mwezi katika baa, mahali ambapo mtu yeyote huingia na kukaa. Hao walimwambia hawamfundishi mtu yeyote kabla ya kumjua mwaka mzima. Wakamtajia wawili waliowaacha. Mmoja wao alimwambia aliondoka kwa sababu alichoka na ubishi wa kundi, na kwamba bado wanamkaribisha chakula. Jambo lililonishangaza ni kwamba wale wazee walimuuliza kama familia yake inajua. Aliposema ndiyo, na kwamba mama yake analia, walimwambia asiharakishe, na ampigie mama simu mara nyingi zaidi.

Bado anasubiri mwaka wake uishe. Sijui ataingia au ataacha, naye mwenyewe hajui. Binti yangu hajafurahi. Anaona kwamba nilipaswa kutumia ukubwa wangu kumkataza, na huenda watakaosoma kurasa hizi watakuwa upande wake. Nimemjibu kama ninavyowajibu hapa. Muuguzi mwenye umri wa miaka ishirini na sita, anayejilipia kodi ya nyumba katika nchi ya watu, hakatazwi kwa simu. Ningemkataza angeendelea bila kuniambia, na siku ya kukutana na mtu wa paundi mia nne angekuwa peke yake. Sasa mama yake anapata simu kila Jumapili. Wanagombana, kisha wanaulizana habari za kazi. Nayasikia magomvi hayo nikiwa chumba cha pili, na sina haraka ya kuyazima.

Kuna jambo moja tu niliomba kwa upande wangu. Nilimwomba kwamba akija nyumbani kutusalimu asilitumie lile neno mbele ya watu, si kwa sababu ya aibu bali kwa sababu ya bibi zake. Akitamka yeye kwamba ni mchawi, kisha akapanda ndege kurudi Bristol, watakaobaki ni wazee wenye macho mekundu. Alinyamaza muda mrefu kwenye simu. Akasema, "Nimeelewa, Babu." Kisha akaniuliza jina la yule bibi wa karanga, nikamtajia.

Basi, ndugu msomaji, ikiwa una kijana aliyeshika njia usiyoijua, iwe ya dini hii au ya nabii mpya wa mtaani au ya biashara ya kumfanya tajiri kwa mwezi mmoja, maswali niliyompa mjukuu wangu waweza kumpa na wako. Waliomwacha mwalimu wako wapi? Anauza nini? Nani alimfundisha? Kwa nini ana haraka? Anataka umfiche nani? Anautaka mwili wako kwa sababu gani? Huhitaji kuwa mwamini wa jambo lenyewe ili uyaulize. Lakini uyaulize mapema, kwa sauti ya kawaida, wakati kijana bado anapokea simu yako.